Kule Likasi, 404 ya Zamani Haikuuzwa kwa Kilo



Siku moja, ukipata nafasi na nauli, toka Lubumbashi uende Likasi. Safari si ndefu, ni kilometa karibu 120. Lakini usilale ndani ya gari. Utapishana na malori yenye kubeba shaba, yakielekea mupaka wa Zambia. Utaona mifuko ya makala imesimama kando ya njia, na ba mama wanaopunga mukono ili ununue samaki. Samaki wengine wanatoka ziwa la Tshangalele, lile lililozaliwa wakati muto Lufira ulifungwa kule Mwadingusha kusudi umeme upatikane. Utapita Lwisha. Kisha njia inaanza kupanda na kushuka, milima inakuzunguka pande zote, na kumbe umefika.

Likasi si sawa Lubumbashi. Kule Lubumbashi unaweza kutembea nusu ya siku na muguu haulalamike. Likasi ni muji wa milima. Zamani za Wabeleji uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mukubwa mumoja wa Union Minière. Una komini ine: Likasi, Panda, Shituru na Kikula. Mwezi wa tisa na wa kumi miti ya jakaranda inajaa maua ya zambarau, na watoto wanaokota maua chini wakienda masomo. Upande wa Shituru kuna viwanda vya shaba. Upande wa Panda kuna atelye ambamo vizazi vya wafundi walijifunza kukata chuma, kukipima na kukinyoosha.

Milima hiyo uikumbuke, musomaji. Itarudi mbele katika habari hii.

Leo sitakupeleka kwenye viwanda. Nakupeleka Kikula, mu lupango ya muzee mumoja aliyekuwa rafiki ya marehemu baba yangu, na kwa hiyo mimi namuita papa. Alikuwa mufundi wa kunyoosha piese. Mwaka wa 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mupango wa kuondoka kwa hiari, yeye alikuwa mumoja wao. Ana bibi, watoto sita, muti mukubwa wa maembe, na motokari moja.

CHINI YA MUTI WA MAEMBE

Nilipoiona motokari ile katika mwezi wa sita wa mwaka wa 2021, ilikuwa imekaa juu ya matofali kwa miaka 29. Rangi yake hukuweza kuisema. Majani ya maembe yalikuwa yameoza juu ya paa. Kuku walikuwa wanataga mayai kwenye kiti cha nyuma, na mama alijua kila asubui ni wapi pa kuyatafuta. Ilikuwa Peugeot 404.

Wewe kijana, pengine hauijui 404. Uliza babu yako, utaona namna uso wake unabadilika. Motokari hii ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1960. Umbo lake lilichorwa kule Italia, katika nyumba ya Pininfarina. Mukono wa vitesi hauko chini sawa katika motokari za leo, uko karibu na volani. Moteri yake ina silindri ine, nayo haikusimama wima: imelazwa upande, sawa mutu aliyeegemea ukuta.

Katika Afrika ilipata sifa kwa sababu ya mashindano ya Safari, yaliyopita katika njia za matope za Afrika ya Mashariki. 404 ilishinda mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ule mwaka wa 1963, motokari 84 ziliondoka. Zilizofika mwisho ni 7 tu. Ndiyo maana wazee wetu waliokuwa na feza kidogo walisema: nikinunua, nanunua ile.

Papa aliinunua mwaka wa 1979, kwa mutu mwingine aliyeitumia mbele yake. Watoto wake wawili wa kwanza walipelekwa lupitalo kuzaliwa ndani ya motokari ile. Watu wa kartie nao iliwabeba: wagonjwa, bibi-arusi, hata maiti.

WATU WA BALANSI

Katika miji yetu kunapita watu wenye kununua vyuma vya zamani. Wanakuja na balansi, wanapima, wanalipa, wanabeba. Si kosa, ni biashara. Na mwaka ule wa 2021 walisimama mbele ya lupango ya papa, wakaangalia 404, wakataja bei kwa kilo. Radiateri walitaka kuilipa peke yake, kwa bei ya juu, kwa sababu radiateri za zamani ni za shaba.

Mu nyumba feza ilikuwa inahitajika. Mutoto wa mwisho, musichana, alikuwa katika sekondari na deni ya masomo haikuwa imelipwa. Papa akajibu neno moja: «Haiende.» Akaingia ndani.

Sasa nikuambie juu ya mutoto wake wa tatu. Kijana huyu aliacha masomo akiwa na miaka 15, akaenda kuchimba kwa mikono pamoja na wenzake. Papa alikasirika sana. Tangu siku ile wale wawili walisalimiana tu: asubui, magaribi, basi. Miaka ikapita hivyo. Mwaka wa 2020 shimo moja lilianguka na rafiki yake akabaki ndani. Kijana akarudi nyumbani. Hakusema mengi. Alikaa juu ya kiti chini ya muti, akiangalia kuku wakiingia na kutoka katika motokari.

Wakati watu wa balansi waliondoka, yeye akasimama, akafungua kapo ya mbele. Ilimupa taabu kufunguka. Akaita: «Papa, kuja kidogo. Hii kitu inaitwa namna gani?»

Mama aliniambia kwamba neno lile lilikuwa ulizo la kwanza alilosikia mutoto wake akimuuliza baba yake kwa miaka kumi na mine. Naye mama, alipoona wote wawili wameinamisha vichwa ndani ya kapo, akatoka jikoni na kuweka sheria. Nakuandikia maneno yake sawasawa:

«Balansi inapima chuma. Haipime miaka ile baba yenu alitoka hapa saa kumi na moja ya usiku. Motoka ibaki. Lakini musikie muzuri: feza ya bukari na feza ya masomo, hakuna mutu ataigusa juu ya motoka. Mutatafuta ya kwenu.»

KAYE YA MAMA

Sheria ile ndiyo iliokoa kazi. Musomaji, ukipita katika lupango nyingi utaona motokari zilizofunguliwa nusu, na mapiese yamepotea katika majani. Mara nyingi zilianzwa kwa nguvu ya mwezi mumoja, feza ikaisha, nyumba ikagombana, kazi ikafa.

Mama alinunua kaye ya watoto wa masomo. Upande mumoja aliandika feza iliyoingia, upande mwingine feza iliyotoka. Kijana alianza kutengeneza pikipiki za taksi pale mulangoni. Kila alichopata kiligawanywa: nusu kwa nyumba, nusu kwa kaye. Mwezi muzuri motokari ilipata dola kumi ao kumi na tano. Mwezi mubaya haikupata kitu, na siku hizo walifanya kazi isiyoomba feza: kufungua, kukwangua, kusafisha, kupanga.

Na kazi ya namna hiyo ni nyingi kuliko unavyofikiri. Miezi miwili ya kwanza hawakununua kitu. Papa alimufundisha kijana kufungua bila haraka. Kila bulo iliwekwa katika kopo ya maziwa, juu ya kopo karatasi yenye jina la mahali ilipotoka. Waya za umeme zilichorwa katika kaye nyingine kabla ya kutoshwa. Papa alisema: «Mutu anayefungua na haandike, anafungulia mwizi.» Akili yake mwenyewe itamuibia.

KUTU NI MWIZI WA USIKU

Wengi wanadhani moteri ndiyo kazi kubwa. Papa alianza na kutu. Akaeleza kwa nini: 404 ya watu wa nyumba haina shasi ya kipekee sawa lori. Sakafu, mbavu za chini ya milango na paa ndiyo mifupa yake. Moteri mbovu unaweza kuibadilisha, lakini mifupa ikioza motokari yote inajikunja.

Walichukua turnevisi ya zamani na kuchoma chini pole pole, sentimeta kwa sentimeta. Mahali chuma kililia, kizuri. Mahali turnevisi ilizama, walitia alama ya choko. Alama zilikuwa nyingi pale maji hukaa: chini ya miguu ya sofere, chini ya batri, ndani ya vifuniko vya magurudumu, na kwenye mbavu za chini ya milango.

Kabla ya kukata sakafu, papa alisudisha vyuma viwili vya kushikilia upande na upande, kusudi mwili usijikunje. Kila mara walijaribu kufunga milango: mulango ukikataa kufunga, maana yake kitu kimesogea. Tole ya kuziba walikata katika milango ya motokari nyingine iliyokufa. Jirani mumoja mwenye masini ya kusuda alikubali walipe kidogo kidogo, lakini umeme ulikuwa unakatika, na mara nyingine walingoja mpaka saa tano ya usiku ili wapate saa moja ya kazi.

Hapa papa alikuwa mukali juu ya mambo mawili, na ninyi vijana muyashike. La kwanza: rangi za zamani nyingi zina risasi ndani yake, na vumbi yake inaharibu akili ya watoto wadogo. Basi wakasugua kwa karatasi ya maji, wakalowanisha kila wakati, wakafukuza watoto na kuku, wakaokota matope yale na kuyazika mbali na bustani ya mama. La pili: tanki ya esanse haisudwi. Hata kama imekaa miaka mingi bila kitu, harufu iliyobaki ndani inaweza kulipuka na kuua. Tanki yao waliijaza changarawe na maji ya sabuni, wakaitikisa, wakaimwaga, wakarudia siku tatu. Ilipoonekana ina tundu, hawakujaribu ujanja. Walingoja, wakanunua nyingine iliyotumiwa.

MOTERI ILIYOLALA

Moteri ilikuwa imekamatana. Ukiweka manivela mbele na kukaza, haikutikisika. Kijana alitaka kutumia nyundo. Papa akacheka. Walitosha buji zote ine, wakamimina ndani ya kila tundu mazuti iliyochanganywa na mafuta ya moteri, wakafunika kwa kitambaa. Siku ya posho waliongeza kidogo. Siku ya posho iliyofuata, wakaongeza tena. Juma la tatu papa alikamata manivela kwa mikono miwili, akasukuma kidogo upande huu, kidogo upande ule, bila nguvu. Ikasogea kidogo tu, upana wa kidole. Kijana alipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Moteri ya 404 ina wema mumoja mukubwa kwa mutu maskini. Pistoni zake hazipandi na kushuka ndani ya chuma kikubwa chenyewe. Zinatembea ndani ya vikombe virefu ambavyo wafundi wanaviita shemize, na maji ya kupoza yanazunguka nje ya vikombe vile. Kikombe kikichoka, unakitosha na kuweka kingine. Hauhitaji masini kubwa ya kutoboa. Walipofungua kichwa cha moteri walikuta vikombe vina michirizi midogo lakini vyazima. Wakabadilisha segma, wakabadilisha joenti za chini zinazozuia maji kuingia katika mafuta, wakasaga valvu kwa mukono, jioni baada ya jioni.

Mapiese mengine walipata kwa wale waliotunza 504, kwa sababu moteri ya 504 ya kwanza imezaliwa katika jamaa moja na ya 404. Mengine yalitoka Lubumbashi, ndani ya mufuko wa plastiki, kwa mukono wa sofere wa gari la watu. Karibirateri haikununuliwa. Waliifungua juu ya kitambaa cheupe, wakaosha vitundu vyake kwa esanse, wakapuliza kwa pompi ya baiskeli. Papa alikataza sindano na waya: kitundu kile kimepimwa, ukikipanua, moteri itakunywa esanse sawa mulevi.

SHABA ILIYORUDI NYUMBANI

Jioni moja papa aliniita nione kitu. Alikuwa ameweka juu ya meza vitu vine: radiateri, dinamo, kifungo cha waya za umeme, na gurudumu moja lenye meno, lenye rangi ya njano nyeusi.

«Hii yote,» akasema, «ni shaba.»

Waya ni shaba. Ndani ya dinamo waya zilizozungushwa ni shaba. Radiateri ni shaba na shaba-njano, imeunganishwa kwa bati, na kwa hiyo mufundi wa kartie anaweza kuiziba kwa moto mudogo. Zile mupya za aluminiumu na plastiki zikipasuka, wengi wanazitupa. Na lile gurudumu lenye meno lilitoka katika shoka ya nyuma: katika 404, vise ndefu ya chuma inazungusha gurudumu la bronzi, na bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Ndiyo maana shoka ile haitaki mafuta ya namna yoyote tu. Ukitia mafuta yasiyofaa, bronzi inaliwa.

Shaba ile ilichimbwa katika inchi gani, hakuna anayeweza kukuambia. Lakini papa alikuwa amenyoosha piese za viwanda vya shaba miaka mingi, na kijana wake alikuwa amechimba mawe yake kwa mikono. Kijana alichukua lile gurudumu la bronzi, akalipima uzito mukononi. «Siye tulikuwa tunauza jiwe,» akasema. «Sikuonaka bado kitu kenye inafanya.» Nilimusikia akiuliza baba yake namna meno yale yalikatwa, na papa akaenda kutafuta kalamu.

SIKU ILE YA YENGA

Sasa, musomaji, nifike kwenye jambo ambalo papa mwenyewe aliniomba nisilifiche.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wa 2022 moteri ilikubali kuwaka. Siku ya Yenga iliyofuata, wazee walipokuwa wangali kwenye ibada, rafiki za kijana walikuja. Motokari ilikuwa imeshushwa chini, juu ya mapine ya kuazima, ili isukumwe. Freni hazikuwa zimetengenezwa. Kijana akaiwasha ili wasikie. Wakapiga makofi. Mumoja akasema: «Isogeze kidogo.» Akaisogeza.

Lupango yao inatelemuka kuelekea njia. 404 ikarudi nyuma, ikapita mulangoni, ikakata njia, ikapiga ukuta wa jirani na kusimama. Musichana aliyekuwa anauza vitumbura pale alikuwa amesimama na beseni yake muda mufupi mbele, akienda kumurudishia mutu chenji. Benchi aliyokalia ilivunjika vipande vitatu.

Hakuna aliyeumia. Ukuta ulilipwa, na benchi pia. Kaye ya mama inaonyesha miezi miwili ya sifuri.

Magaribi yale papa hakupiga kelele. Aliketi karibu na mutoto wake, akasema:

«Unajua juu ya nini niliweka hii motoka juu ya matofali? Watu wanasema esanse ilikosa. Hapana. Mwaka wa 1992 nilikuwa nashuka na mama yako, weye ungali mu tumbo, yaya yako juu ya magoti. Nilikanyaga freni, muguu ikaenda mpaka chini. Nikaingiza motoka mu mufereji kusudi isimame. Piese ya kubadilisha, sikukuwa na feza yake. Nikasema: kama sina feza ya freni, sina motoka.»

Kijana akanyamaza, kisha akauliza: «Papa, juu ya nini haukunielezaka?»

«Haukuniulizaka.»

HAPA HAKUNA KUSAZA FEZA

Tangu siku ile utaratibu ulibadilika. Rangi ilingoja. Viti vilingoja. Feza yote ilienda kwenye freni, volani na mapine, mpaka yalipokwisha. Mwishoni mama alipohesabu kaye, karibu nusu ya feza yote ilikuwa upande huo.

Katika motokari nyingi za zamani mafuta ya freni yanapita katika mufereji mumoja tu kwa magurudumu yote. Kukipasuka mahali pamoja, unapoteza freni zote ine pamoja. Basi walibadilisha mipira yote ya pompi kubwa na ya silindri ndogo za magurudumu, mirija yote laini, na bomba zote zilizokuwa na kutu. Hawakuacha hata moja kwa kusema bado inaweza. Mafuta walitia ya freni yenyewe, kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta ya moteri yanavimbisha ile mipira na kuiharibu. Wengi wamekufa kwa ujanja huo.

Mapine walinunua yaliyotumiwa, lakini kwa macho. Pembeni ya kila pine kuna neno DOT na namba. Tangu mwaka wa 2000, tarakimu ine za mwisho zinaonyesha juma na mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Kijana alikataa mapine mazuri kwa sura yaliyokuwa na miaka kumi na mitano, hata muuzaji alipoteremusha bei. Mupira unazeeka hata ukikaa bure.

Mwezi wa tisa wa mwaka wa 2023 waliniita. Jakaranda zilikuwa zimeanza kufungua. 404 ilikuwa na rangi nyeupe iliyopakwa kwa pompi ndogo, na ukiangalia karibu unaona machozi ya rangi kwenye mulango wa kushoto. Mama aliketi mbele na kitambaa chake cha sherehe, mimi nyuma na yule musichana wa sekondari. Mahali pa kuku palikuwa pameshonwa kwa ngozi ya plastiki. Kijana alikamata volani. Papa alikataa kuingia kwanza. Alitembea kwa muguu mpaka chini ya mulima, akasimama pale mahali aliingiza motokari mu mufereji mwaka wa 1992, akatupa alama ya mukono.

Tulishuka na kitesi cha pili, pole pole. Tulipomufikia akanyoosha mukono. Kijana akakanyaga. Motokari ikasimama, bila kuvuta upande, mbele ya viatu vyake.

Papa akafungua mulango wa nyuma, akaketi karibu yangu. «Tuende soko,» akasema. «Mama yenu anataka unga.»

KAMA NA WEWE UNA MOTOKARI YA ZAMANI

Wasomaji wengi katika miji yetu wana masini imelala mu lupango: motokari, pikipiki, hata kinu cha kusaga. Haya ndiyo niliyojifunza Kikula:

1. Feza ya chakula na ya masomo iwe mbali. Masini ipate feza yake yenyewe, na kaye ishikwe na mutu mwingine, si mutengenezaji.

2. Anza na mifupa, kisha freni na volani, kisha moteri na umeme. Rangi ni ya mwisho. Papa na kijana wake walipotia moteri mbele ya freni, umesikia yaliyotokea.

3. Andika kila kitu unachofungua. Miezi sita baadaye hautakumbuka.

4. Saza feza kwa kutumia wakati: kusugua, kulowesha, kusafisha, kungoja. Usisaze kwa freni, mapine na tanki.

5. Kabla ya kuitoa njiani, fuata karatasi zake zote na uonyeshe kazi yako kwa mufundi mwingine asiye wa jamaa. Papa, pamoja na miaka yake yote ya kazi, alimuita mufundi wa kartie nyingine akague freni. Hakuona haya.

404 ile haijaisha. Saa ya mwendo haitembei, na mulango wa nyuma unataka kupigwa na kiuno ili ufunge. Kijana hakurudi kwenye mashimo. Mbele ya lupango sasa kuna motokari mbili za watu wengine zinazongoja zamu, na mutoto wa jirani anayekuja kuandika majina juu ya makopo ya maziwa.

Ukifika Likasi siku ya posho, musomaji, panda kuelekea Kikula na uulize watu motokari nyeupe ya zamani ni ya nani. Watakuonyesha. Na kama nyumbani kwenu kuna muzee mwenye masini ya zamani iliyofunikwa, mbele ya watu wa balansi kufika, fungua kapo na umuulize kitu kile kinaitwa namna gani.